Stoo ya Bi Mashavu Yapata Makao

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa wenyewe wanapenda mno kutajwa, njaa ilikomeshwa siku ya Alhamisi, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Ilikomeshwa kwa tamko. Mkuu wa nchi, ambaye jina lake la heshima lilikuwa Baba Mshibishaji, alitoka kwenye roshani ya ikulu, akajifuta mdomo kwa leso, akasema: "Ndugu wananchi, kuanzia sasa hapa kwetu hakuna njaa. Asanteni." Kisha akarudi mezani haraka, maana supu ilikuwa inapoa.

Nchi nzima ilishangilia. Mizinga ilipigwa. Wapo waliofurahi hata usingizi wakaukosa, matumbo yakiwanguruma kwa furaha mpaka kunakucha. Kamati ya Lugha nayo ikatoa mwongozo: mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana asiseme ana njaa, kwani hilo ni neno la kale na la uchochezi. Aseme, "Shibe yangu iko njiani."

Sasa, katika nchi hiyo ya neema, kwenye mtaa uitwao Chururu, aliishi mjane mmoja mwembamba kama ufito, jina lake Bi Mashavu. Kazi yake ilikuwa kupika kwenye maharusi. Siku moja bwana harusi mmoja alitoroka, kuku wakiwa wameshachinjwa, na baba wa bibi harusi akaapa kwamba hataki kuuona ule mchele wala yale maharage maisha yake yote. Bi Mashavu akavisomba vyote hadi barazani kwake, akasimama mlangoni na kupaza ile sauti yake inayosikika ng'ambo ya mto:

"Mwenye nacho alete, asiye nacho achukue, na mwenye maswali apite njia ya kule!"

Hivyo ndivyo stoo ya mtaa ilivyozaliwa. Mwenye shamba akileta mhogo, mwenye duka akileta chumvi, na anayehitaji akifika na mfuko wake, akachukua, akaenda zake bila kuhojiwa ukoo. Msaidizi wa Bi Mashavu alikuwa Mwalimu Yeremia, mzee mpole wa miwani, aliyefundisha historia kwa miaka mingi mpaka akastaafishwa, kwa sababu historia ilibadilishwa na yeye hakujulishwa.

Shida ya stoo ilikuwa moja tu: haikuwa na kwao. Barazani ilifukuzwa na mwenye nyumba aliyetaka kufungua baa. Ikahamia chumba cha nyuma cha madrasa, paa likavuja, mchele ukaota majani. Ikahamia banda la kuku, lakini kuku walikuwa na mtazamo wao kuhusu mahindi. Mwishowe kinyozi wa mtaa, kijana mwenye roho nzuri, akawapa nusu ya saluni yake. Tatizo la saluni ni kwamba nywele hazijui mipaka. Maharage yakaanza kuota ndevu. Bibi mmoja alikuta sharubu nzima ndani ya unga wake, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu, alizirudisha.

Ajabu ni kwamba tangu njaa ikomeshwe, wachukuaji walizidi. Walipanga foleni hadi barabarani, mama na mtoto, kikongwe na mkongojo. Na mambo yakiwa hivyo, kinyozi akaja kwa Bi Mashavu akiwa anasugua viganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hunitazami?"

"Mama, naoa. Mwenzangu ni msusi. Anaitaka ile nusu."

Bi Mashavu akampongeza kwa vigelegele, kama ilivyo desturi. Kisha akaenda nyuma ya magunia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika tama. Masika yalikuwa yanakaribia, na nyumba ambazo mvua huingia ndani bila hodi ni hizo hizo ambazo shibe haifiki.

"Tuiendee serikali," akasema Mwalimu Yeremia.

"Kwani serikali inatujua?"

"Haitujui. Ndiyo maana huenda ikatusaidia."

Wakaenda Wizara ya Shibe, jengo refu lenye lifti iliyofunguliwa rasmi mara nyingi ila haijawahi kupanda. Walipokewa na Bwana Pembe, Afisa Mwandamizi, mtu wa suti moja iliyopigwa pasi mpaka inang'aa.

"Mnaomba jengo la nini?" akauliza.

"La stoo ya chakula, baba," akasema Bi Mashavu.

"Chakula cha kumpa nani?"

"Watu wenye njaa."

Bwana Pembe aliinuka, akachungulia korido upande huu na upande ule, akarudi akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, nakuomba sana. Nina watoto wanasoma. Usilitaje hilo neno humu."

"Haya. Watu ambao shibe yao iko njiani."

"Hao tunawatambua!" Uso wa Bwana Pembe ukachanua. "Lakini kama shibe yao iko njiani, mnawapa chakula cha nini? Si wasubiri ifike?"

"Na ikichelewa?"

"Hilo sasa ni suala la Wizara ya Uchukuzi."

Wakaenda Wizara ya Uchukuzi. Huko wakaambiwa kwamba shibe haina namba ya usajili, hivyo hata ikipata ajali njiani hakuna wa kuulizwa. Wakarudi Shibe. Bwana Pembe alipowaona tena, vumbi hadi magotini, na Bi Mashavu akitembea na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kitu fulani kilimgusa. Akawapeleka kwa mlango wa nyuma hadi kwa Waziri mwenyewe.

Mheshimiwa Waziri, Dokta Majambo, alikuwa na shahada za heshima kutoka vyuo vikuu vingi, kikiwemo kimoja ambacho hakijajengwa. Alisikiliza ombi akiwa amefumba macho, na wageni hawakujua kama anafikiri au amelala. Mwalimu Yeremia, akidhani mambo yameharibika, akajitetea kwa kunung'unika:

"Basi, Mheshimiwa, hata kama jambo lenyewe sasa ni historia..."

Waziri akafumbua macho.

"Rudia!"

"Nimesema historia, Mheshimiwa."

"Historia! Njaa ni historia! Na historia hukaa wapi?" Akapiga meza, kalamu zikaruka. "Makumbusho! Nchi yetu imekomesha njaa lakini haina hata makumbusho ya njaa! Watoto wetu wataijuaje?"

"Watoto wa Chururu wanai—" akaanza Bi Mashavu, na Mwalimu Yeremia akamkanyaga mguu ule wenye kiatu.

Na kwa hiyo, kabla jua halijatua, stoo ya Bi Mashavu ikawa Makumbusho ya Taifa ya Njaa ya Kale. Ikapewa jengo lenye nguzo za marumaru lililokuwa la Taasisi ya Taifa ya Kupunguza Vikao. Taasisi hiyo haikuwa na pingamizi, kwani tangu ianzishwe ilikuwa bado kikaoni.

Sherehe ya ufunguzi ilifana. Vikundi vya ngoma vilicheza. Magunia yalipangwa juu ya meza zilizofunikwa kitambaa chekundu, kila gunia na kibao chake. MAHARAGE: Mbegu zilizoliwa na watu wa enzi za giza. UNGA: Matumizi yake hayajulikani kwa hakika. CHUMVI: Inadhaniwa ilikuwa fedha. Dokta Majambo akakata utepe, akashika kipaza sauti kama mtu anayemnyonga bata.

"Wananchi! Leo tunaitazama njaa kwa mgongo! Nasema kwa mgongo, kwa sababu mbele hatuioni, pembeni hatuioni, na chini, kwa hali ya tumbo langu, mimi binafsi siwezi kuona kabisa! Njooni muone! Njooni mshangae! Lakini vielelezo msiviguse!"

Watu wa Chururu wakapiga makofi. Neno "msiviguse" lilipowaingia, makofi yakapungua.

"Mwalimu," akanong'ona Bi Mashavu, "unga usioguswa utapikwaje?"

"Hawatavigusa," akajibu Mwalimu Yeremia, na macho yake nyuma ya miwani yalikuwa na utundu wa mtoto wa shule. "Wataviazima. Kwa utafiti wa nyumbani."

Basi Chururu ikawa mtaa wa watafiti. Asubuhi, foleni ilizunguka jengo. Mabibi walikuja kutafiti dengu. Wapagazi wa sokoni walikuja kutafiti sembe, na walioonekana wana utafiti mpana zaidi walipewa na mafuta ya kupikia. Kesho yake walirudi, wakakiri kwamba utafiti haujakamilika. Wenye nacho nao waliendelea kuleta, kwa kuwa mpangilio wa dunia ya Bi Mashavu haukubadilika, isipokuwa sasa waliitwa wafadhili wa mambo ya kale.

Siku moja alifika mtu mwenye kofia iliyovutwa hadi puani, na suti inayong'aa.

"Natafiti mchele," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Mashavu alimtambua Bwana Pembe kwa ile pasi ya suruali. Mshahara wa wizara, ilikuwa imetangazwa redioni, nao ulikuwa njiani.

"Utafiti wako ni wa nyumba ya watu wengi?"

"Wa watu sita, mama. Na mama mkwe ndio kwanza amekuja kututembelea."

Bi Mashavu akampimia, akaongeza konzi mbili za juu, akamfungia mfuko vizuri ili usimchafue suti. Bwana Pembe akaondoka akiukumbatia mfuko kama mtoto mchanga.

Sifa za makumbusho zikamfikia Waziri. Hakuna makumbusho nchini yaliyowahi kupata wageni wengi hivyo. Yale ya viatu vya Baba Mshibishaji yalikuwa yakipata wanafunzi tu, tena wakiletwa na polisi. Dokta Majambo alilewa furaha, akaamua kuongeza kielelezo kikuu: Mtu Mwenye Njaa, aliye hai, ndani ya sanduku la kioo. Usaili ukafanyika hapo hapo ukumbini. Watu walijitokeza wakajaa mpaka nje, na Waziri akawakataa mmoja mmoja.

"Huyu mbavu zimezidi. Anatia chumvi. Huyu macho yameingia ndani kupita kiasi, wageni watadhani ni ugonjwa. Huyu anatetemeka; mtu mwenye njaa hatetemeki, nimesoma. Huyu kazirai. Aondolewe, hatukumwambia azirai."

Mwishowe akampa kazi shemeji yake.

Shemeji huyo aliitwa Sefu, ila dunia nzima ilimjua kama Kiroba, na aliyempa jina hilo alikuwa amemhurumia, kwani alistahili gunia. Ili aingie ndani ya sanduku ilibidi kioo kimoja king'olewe. Akavishwa matambara, akaketi, na kibao chake kikasomeka: MTU MWENYE NJAA. Watoto walikuwa wakisimama mbele yake, wakasoma kibao, wakamtazama, wakasoma tena.

Lakini Kiroba hakukaa bure. Kila wageni walipogeuka, mkono mnene ulichomoza kwenye tundu la hewa, ukarudi na kielelezo. Ulianza na karanga. Ukaja ukala sukari guru yote, halafu dagaa wakavu, tena bila ugali. Jioni moja mama wa mapacha alifika, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akakuta meza tupu. Alisimama kidogo akivitazama vile vitambaa vyekundu. Akageuka, akaenda zake akiwabembeleza wanawe.

Bi Mashavu alivua kanga ya kichwani, akaifunga kiunoni. Walioijua ishara hiyo wakasogea kando. Akakigonga kile kioo kwa pete yake.

"Wewe! Toka humo!"

"Siruhusiwi, mama," akasema Kiroba, mdomo umejaa. "Mimi ni mali ya taifa."

"Umekula chakula cha watoto wangu, na mwili wote huo! Huna haya?"

Kiroba akaacha kutafuna. Kisha, mbele ya Mwalimu Yeremia na mfagiaji, yule mtu mkubwa akaanza kulia, machozi yakipita njia ndefu mashavuni mpaka kufika kidevuni.

"Ninayo haya, mama. Watoto wananicheka kutwa. Jana mmoja alinirushia ganda la ndizi akaniuliza kama nalijua. Mimi ni mpishi. Nimepika miaka na miaka kwenye kambi ya wajenga reli, sufuria ambayo ungeweza kuogea ndani. Reli ikafutwa, sufuria ikauzwa. Mimi mkono wangu ukikosa kazi, unaitafuta mdomoni."

Bi Mashavu alimkazia macho. Ile kanga ikalegea kidogo kiunoni.

"Mkono huo nitaupa mwiko," akasema. "Na siku nitakayouona mdomoni kabla ya watu kula, nitaukata."

Kesho yake lile sanduku la kioo likawa jiko. Sufuria za harusi za Bi Mashavu zikatolewa kabatini. Kiroba alipika, na alipika kweli: maharage ya nazi yaliyofanya watu wafumbe macho, mchicha wa karanga, ugali laini usioonyesha hata donge moja. Alipokuwa akikoroga aliimba, na kwa kuwa alitokwa jasho akashinda akihudumia wengine, alianza kupungua, jambo ambalo kwa mara ya kwanza lilikifanya kibao chake kikaribie ukweli. Watu sasa hawakubeba vielelezo tu. Mchana waliketi kwenye mabenchi, chini ya zile nguzo, wakala pamoja. Mama wa mapacha aliletewa kiti chenye mgongo.

Sasa ikatokea kwamba Baba Mshibishaji alitembelewa na Mfalme wa nchi ya ng'ambo. Wakiwa wameshamaliza kuangalia viatu, Mfalme akauliza kama kuna kingine. Msafara ukageuza njia kuelekea makumbusho ya njaa. Dokta Majambo alipopata habari, alikimbia mwenyewe kwa miguu, shahada zote zikihema, akaingia ukumbini saa saba kamili, akaona alichokiona.

"Wanakula!" akapiga yowe. "Kwenye makumbusho! Wanakula historia!"

"Ni mchana, Mheshimiwa," akasema Bi Mashavu.

"Wafiche!"

"Niwafiche wapi? Na wewe nikufiche wapi?"

Ving'ora vikalia nje. Baba Mshibishaji akaingia, Mfalme kando yake, walinzi nyuma. Ukumbi ukanyamaza, isipokuwa kibabu mmoja kiziwi aliyeendelea kukwangua sahani.

"Majambo," akasema Baba Mshibishaji, "hawa ni nani?"

Waziri akafungua mdomo. Shahada zote zile, hakuna hata moja iliyomletea neno. Walinzi wakaanza kutazamana, na akina mama wakawavuta watoto wao karibu. Mwalimu Yeremia aliona jinsi mambo haya yatakavyoandikwa, au yatakavyofutwa. Hapo Kiroba akatoka jikoni, mwiko mkononi, matambara yake ya kazini mwilini.

"Ni waigizaji, Baba," akasema. "Mimi niliajiriwa na serikali kuigiza mtu mwenye njaa. Kazi ikawa kubwa kwa mtu mmoja. Hawa ni wenzangu."

"Tamthilia!" akadakia Waziri, machozi ya shukrani yakimlengalenga. "Tamthilia ya taifa, Baba! Ilikuwa tukushtukize!"

Baba Mshibishaji akaomba kiti. Akaketi, akatazama. Watu wa Chururu nao, wakiona hakuna bunduki iliyoinuliwa na ugali unapoa, wakaendelea kula.

"Ajabu," akanong'ona Mkuu. "Yule bibi analamba kidole mpaka kwenye fundo. Nani kamfundisha?"

"Amejifunza mwenyewe, Baba," akasema Bi Mashavu.

"Imemchukua muda?"

"Umri wake wote."

"Na yule mama, anawalisha wale mapacha kwanza, yeye anakula makombo. Anaigiza kwa macho! Kwa macho matupu!" Baba Mshibishaji akatoa leso. Alilia kwa sauti, na Waziri akalia kumzidi kidogo, kisha akakumbuka cheo chake akapunguza. Pazia halikuwepo la kufungwa, kwa hiyo Mkuu alisimama mwenyewe na kutoa tamko. Igizo lile lisikatike. Liigizwe kila siku mchana, ya kazi na ya sikukuu. Ghala la Taifa litoe unga, mchele, maharage na mafuta, kwa maana ni aibu kwa nchi mwigizaji kushika sahani tupu. Na jengo liwe lao mpaka mwisho wa dunia au mwisho wa utawala wake, mambo ambayo, alifafanua, ni kitu kimoja.

Shangwe zilipasua paa. Katikati ya zile shangwe, Mfalme wa ng'ambo alimsogelea Bi Mashavu, akainamisha taji sikioni kwake.

"Hata kwetu wapo waigizaji kama hawa," akasema taratibu. "Wengi, mama. Wamejaa hadi milango ya kasri. Sikujua kama ni sanaa."

Tangu siku ile malori ya Ghala la Taifa yanafika Chururu asubuhi, na masika yalipokuja yaligonga paa yakapita. Kiroba ana wapishi chini yake. Bwana Pembe alihamishwa kutoka wizarani akawa Mkaguzi wa Maigizo, kazi yake kukaa karibu na mlango na kuhakikisha kwamba kila mtu anaigiza na hakuna anayefanya kweli. Alikagua kwa bidii, sahani ikiwa magotini.

Wiki iliyopita aliingia mwanamke mgeni, kutoka mikoa ya mbali ambako redio haishiki. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi. Alitembea mpaka katikati ya ukumbi, akayatazama mabenchi, nguzo, na zile sufuria zinazofuka moshi.

"Samahani, mama," akamwambia Bi Mashavu, na ukumbi wote ukasikia. "Nimeambiwa njiani kwamba hapa watu wanaigiza. Mimi kuigiza sijui. Nina njaa tu."

Vijiko vikasimama hewani. Vichwa vyote vikageuka mlangoni, kwa mkaguzi, kwani hilo sasa lilikuwa kosa la wazi, mbele ya mashahidi. Bwana Pembe aliweka sahani chini. Akasimama. Akanyoosha suti yake. Akamtazama yule mwanamke, akaanza kupiga makofi.

"Hongera!" akapaza sauti. "Hongera sana! Sijapata kuona mwigizaji kama huyu!"

Benchi la kwanza likampokea, la pili likafuata, na ukumbi mzima ukaripuka kwa makofi na vigelegele. Yule mwanamke akageuka nyuma kuangalia anayeshangiliwa ni nani. Bi Mashavu alikuwa ameshamsogeza yule kibabu kiziwi, ameshafuta benchi kwa upindo wa kanga, ameshaweka sahani.

"Keti ule, mwanangu," akamwambia. "Waache wapige. Wakinyamaza nitakuongezea."